Kompyuta ya chapa na kompyuta ya kuunganishwa

Kompyuta ya chapa ni kompyuta iliyotoka kiwandani ikiwa kamili na yenye jina la kampuni moja, kwa mfano HP, Dell, Lenovo au Acer. Kompyuta ya kuunganishwa ni ile ambayo vipuri vyake vimenunuliwa kimoja kimoja na kufungwa ndani ya kasha na fundi au na mwenye kompyuta mwenyewe. Familia inayonunua kompyuta ya kwanza ya nyumbani mara nyingi hukutana na ushauri wa aina mbili: dukani huambiwa inunue chapa, na kwa fundi huambiwa kwamba kwa fedha ileile inaweza kupata mashine yenye nguvu zaidi.

Makala hii inaeleza uchaguzi huo kwa mfano wa Mbalizi, mji mdogo katika Wilaya ya Mbeya, Tanzania. Mbalizi iko kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia, kilomita kama 12 magharibi ya jiji la Mbeya. Katika mji wa namna hiyo kasi ya kompyuta si swali zito kuliko yote. Swali zito ni nani ataitengeneza ikiharibika, na kwa kipuri gani.

Asili ya tofauti hii

Mwanzoni kampuni nyingi zilitengeneza kompyuta kwa mpango wao wenyewe, na kipuri cha moja hakikuingia kwenye nyingine. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo, modeli 5150. Ili kuitoa haraka, IBM ilitumia vipuri vilivyokwisha kuwepo sokoni, ikiwemo prosesa ya Intel, na mfumo wa uendeshaji kutoka Microsoft. Pia ilichapisha maelezo ya kiufundi ya mashine hiyo. Kampuni nyingine, Compaq ikiwa kati ya zile za mwanzo, zikatengeneza kompyuta zilizoweza kuendesha programu zilezile. Hapo ndipo lilipoanza soko la vipuri vinavyooana.

Mwaka 1995 Intel ilitoa kanuni ya ATX. Kanuni hiyo inapanga vipimo vya bodi kuu (mafundi huiita madabodi), mahali pa skrubu zake, na umbo la plagi za umeme ndani ya kasha. Ni kwa sababu ya ATX kwamba bodi ya kampuni moja inakaa ndani ya kasha la kampuni nyingine bila kuchongwa.

Mpaka kati ya aina hizi mbili si mkubwa kama matangazo yanavyodai. Michael Dell alianzisha kampuni yake mwaka 1984 akiwa mwanafunzi mjini Austin, Texas, akiuza kompyuta zilizounganishwa kwa vipuri vya kawaida. Hadi leo kompyuta ya chapa huwa na prosesa ya Intel au AMD, na diski iliyotengenezwa na kampuni kama Samsung, Seagate au Western Digital. Kinachobaki cha chapa yenyewe ni kasha, bodi kuu, kifaa cha kusambaza umeme na dhamana. Vitu hivyo vinne ndivyo vinavyoleta faida na hasara zote zinazoelezwa hapa chini.

Uchaguzi huu unahusu zaidi kompyuta za mezani. Kompyuta mpakato haziunganishwi na mafundi wa mtaani, kwa kuwa kila modeli ina umbo lake na bodi yake. Anayetaka kompyuta ya kubeba amekwisha kuchagua chapa, hata kama hakukusudia.

Kompyuta nchini Tanzania

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini matokeo yake ni kwamba kompyuta zilichelewa kufika majumbani. Kwa muda mrefu zilikuwa vifaa vya ofisi, vyuo na mashirika.

Tangu mwaka 2005, chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta zinatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 0, bila kuhesabu kodi nyingine. Sehemu zinazoingia ndani ya kompyuta zina kiwango hichohicho. Kwa hiyo unafuu wa kompyuta ya kuunganishwa, pale unapokuwepo, hautokani na ushuru. Unatokana na ujuzi wa fundi, na mara nyingine na ubora mdogo wa kipuri ambacho mnunuzi hakioni.

Njia ya tatu: mtumba wa ofisi

Mazungumzo ya "chapa au kuunganishwa" mara nyingi husahau mshindani mkubwa, yaani kompyuta ya chapa iliyokwisha kutumika. Kampuni na ofisi za serikali huko Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache. Mashine hizo husafishwa, hukaguliwa na kuuzwa Afrika Mashariki. Zinazoonekana zaidi ni za familia tatu: OptiPlex ya Dell, EliteDesk na ProDesk za HP, na ThinkCentre ya Lenovo.

Mashine hizi zilitengenezwa zifanye kazi ofisini siku nzima kwa miaka mingi. Makasha yake hufunguka bila bisibisi au kwa skrubu chache, na maelezo ya jinsi ya kuzifungua hupatikana bure kwenye tovuti za kampuni zenyewe. Kwa kazi za kawaida za nyumbani, kama kuandika, kutafuta habari, kujaza fomu za maombi ya chuo au mkopo, kujifunza kuandika programu na kutazama video za masomo, kompyuta ya ofisi iliyotumika inatosha, hasa ikiongezewa diski ya SSD. Kompyuta ya kuunganishwa yenye vipuri vipya kwa bei hiyohiyo ni vigumu kuifikia kwa uimara.

Kuunganisha kunapata maana pale kazi inapohitaji kadi ya michoro: kuhariri video, kuchora kwa programu kama AutoCAD, au kucheza michezo mizito. Mbeya ina wanafunzi wengi wa uhandisi na usanifu, hasa katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo kompyuta ndogo ya ofisi inaweza kuwa finyu, maana kasha lake jembamba halipokei kadi ndefu na kifaa chake cha umeme hakitoshi kuilisha.

Umeme

Katika nyumba ya Kitanzania adui wa kwanza wa kompyuta ni umeme. Umeme wa TANESCO unapaswa kuwa wa volti 230, lakini ukikatika na kurudi huweza kurudi kwa msukumo mkubwa au kwa kiwango cha chini. Katika Nyanda za Juu za Kusini huongezeka radi za msimu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Msukumo wa radi hupita kwenye nyaya za umeme, na pia kwenye waya wa antena au wa intaneti uliounganishwa na kompyuta. Kuzima kompyuta kwa swichi hakutoshi wakati wa radi. Plagi huchomolewa ukutani.

Kinachopokea pigo la kwanza ni kifaa cha kusambaza umeme ndani ya kasha, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kugeuza volti 230 za ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na vipuri vingine. Pawasaplai nzuri ina sakiti za kujizima umeme ukizidi, hivyo hufa yenyewe na kuokoa bodi. Ile duni hufa pamoja na bodi, na wakati mwingine pamoja na diski yenye picha na kazi za familia.

Hapa kompyuta nyingi za kuunganishwa za bei ya chini ndipo zinapoanguka. Mnunuzi huuliza prosesa na RAM, na fundi akibanwa na bei hupunguza mahali pasipoulizwa. Kasha huuzwa likiwa na pawasaplai ndani yake, imeandikwa wati 500 au zaidi, lakini uzito wake mkononi ni kama wa kopo tupu. Anayeunganisha kompyuta kwa nyumba ya Mbalizi afadhali achukue prosesa ya daraja la chini kidogo na pawasaplai ya kampuni inayojulikana, kuliko kinyume chake.

UPS hupunguza hatari na kumpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. UPS ndogo ya VA 650 hubeba wati 360 hadi 390 hivi, kwa hiyo inafaa kompyuta ya ofisi na skrini yake, lakini huzidiwa na kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro. Printa ya leza haichomekwi kwenye UPS kama hiyo. Kompyuta mpakato ina faida yake hapa, kwa kuwa betri yake ni UPS tosha.

Kuna pia hesabu ya LUKU. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Bei hizo ni kabla ya kodi na tozo. Tuseme nyumba inatumia uniti 55 kwa mwezi, sawa na shilingi 5,500. Kompyuta ya ofisi pamoja na skrini hutumia kama wati 60 kwa kazi nyepesi. Ikiwashwa saa 5 kwa siku kwa siku 30, inakula uniti 9, na nyumba inabaki ndani ya uniti 75. Kompyuta ya michezo inayotumia wati 300 kwa saa zilezile inakula uniti 45, na nyumba inafika uniti 100. Gharama inapanda hadi shilingi 16,250, na nyumba ikihamishiwa T1 kwa sababu ya kuzidisha mara kwa mara, itakuwa shilingi 29,200.

Wati zilizoandikwa kwenye pawasaplai si wati zinazoliwa. Namba hiyo ni kikomo cha kile inachoweza kutoa. Kompyuta hutumia kadiri ya vipuri vyake na kazi inayofanya.

Vipuri na umbali

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 830 kwa barabara. Kipuri kisichopatikana katika maduka ya Mbeya kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam, hasa Kariakoo, na kutumwa kwa basi. Kikifika hakioani, hurudishwa kwa njia ileile na kwa gharama ya mnunuzi. Kwa sababu hiyo swali la kuoana kwa vipuri lina uzito zaidi Mbalizi kuliko Dar es Salaam, ambako fundi anaweza kuvuka barabara na kubadilisha.

Kompyuta ya kuunganishwa inashinda hapa. Plagi kuu ya umeme ya ATX ina pini 24, na pawasaplai yoyote ya ATX inaingia. Bodi, RAM na feni ni vya kawaida. Fundi wa Mbalizi anaweza kuipima pawasaplai yenye mashaka kwa kuweka nyingine aliyonayo dukani, na ndani ya nusu saa tatizo linajulikana.

Kompyuta nyingi za ofisi za chapa zina mtego hapa. Kwa mfano OptiPlex 3020, 7020 na 9020 za Dell zina plagi kuu ya pini 8 badala ya 24, na EliteDesk 800 G1 ya HP ina pini 6. Mara nyingi bodi nayo ina umbo lake isiyoingia kwenye kasha lingine. Pawasaplai ikifa, ile ya kawaida haiingii bila waya wa kubadilisha, na waya huo wenyewe ni wa kuagiza. Katika makasha membamba hata nafasi ya kuiweka haipo. Wapo mafundi wanaokata nyaya na kuziunga upya, na wengine hufanikiwa, lakini kosa la waya mmoja huua bodi.

Mnunuzi wa chapa iliyotumika anaweza kujikinga kwa njia rahisi: achague modeli ambayo duka au mafundi wa karibu wanayo kwa wingi. Kompyuta mbovu ya modeli hiyohiyo ndiyo ghala la vipuri. Mashine nzuri ya modeli adimu inaweza kukaa wiki kadhaa mezani ikisubiri kipuri kimoja.

Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, huziba feni za aina zote mbili. Makasha ya michezo yenye matundu mengi mbele hulila zaidi. Baridi ya Mbeya ya miezi ya Juni na Julai, kwa upande wake, ni msaada ambao kompyuta za Dar es Salaam haziupati.

Programu na leseni

Kompyuta mpya ya chapa mara nyingi huuzwa na Windows yenye leseni. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ufunguo wa leseni hiyo kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya bodi kuu, na mfumo ukiwekwa upya hujitambua wenyewe. Kompyuta ya kuunganishwa haina leseni. Katika bei inayotajwa na fundi, leseni kwa kawaida haimo, na Windows anayoiweka mara nyingi ni nakala iliyovunjwa kufuli. Zaidi ya kwenda kinyume na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nakala hizo huja na programu zinazozima kinga dhidi ya virusi, na flashi ya kwanza kutoka steshenari humaliza kazi.

Kwa mitumba ya ofisi kuna jambo jingine. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache za kizazi cha 7, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Kizazi husomwa kwenye namba ya prosesa: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8. Kibandiko cha "i5" peke yake hakisemi chochote kuhusu umri, na wauzaji wanalijua hilo.

Kompyuta ya kizazi cha 4 au cha 6 haijafa. Inaweza kutumia Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambazo hazina gharama ya leseni. Kwa kazi za ofisi kuna LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice. OpenOffice yenyewe ilipata toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Dhamana na sheria

Kompyuta mpya ya chapa huwa na dhamana ya mwaka mmoja kwa kawaida, na baadhi za biashara miaka mitatu. Dhamana hiyo inaweza kuwa ya eneo fulani tu. Mashine iliyonunuliwa Dubai na kuletwa na msafiri inaweza kuwa haina dhamana Tanzania hata kama ni mpya. Namba ya utambulisho iliyo nyuma ya kasha huingizwa kwenye tovuti ya kampuni, nayo huonyesha dhamana inaisha lini. Kwa kompyuta ya kuunganishwa kila kipuri kina dhamana yake, lakini anayeidai ni duka lililokiuza. Fundi asipokabidhi risiti za vipuri, mnunuzi hana dhamana yoyote zaidi ya uungwana wa fundi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina kipengele kinachogusa uchaguzi huu moja kwa moja. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kufanya na kutegemea ujuzi wake, sheria inachukulia kwamba bidhaa lazima ifae kwa kazi hiyo. Lakini anayenunua bidhaa maalumu kwa jina lake la biashara hafunikwi na sharti hilo, ingawa bidhaa inatakiwa kuwa na ubora unaokubalika sokoni. Anayesema "nataka kompyuta ya kuchorea AutoCAD, nitengenezee" yuko katika nafasi tofauti na anayesema "nipe OptiPlex 7020". Kwa sababu hiyo inafaa kazi iliyokusudiwa iandikwe kwenye karatasi ya makubaliano, na risiti ya EFD idaiwe.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Watu wengi huliita kasha zima "CPU", na muuzaji akitaja bei ya "CPU" huwa hajajumuisha skrini, kibodi, kipanya, nyaya wala UPS. Bei ya kulinganishwa ni ya vyote kwa pamoja.

Kompyuta iliyotumika huwashwa dukani kwa angalau nusu saa, video ikicheza, ili joto lipande na feni isikike. Tarehe na saa zikiwa za miaka ya nyuma, betri ndogo ya bodi, aina ya CR2032, imekwisha. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na hitilafu yake si sababu ya kukataa mashine. Matundu yote ya USB hujaribiwa kwa flashi moja, mbele na nyuma. Kwenye Windows, amri ya msinfo32 huonyesha modeli, prosesa na RAM bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Diski hukaguliwa kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo, inayosoma saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi. Diski ya ofisi iliyowashwa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kwa miaka mitano, itakuwa na saa kama 10,000. Ikionyesha saa 40,000, ilikuwa haizimwi. Diski ya kuzunguka ya namna hiyo hubadilishwa kwa SSD siku ileile ya ununuzi, na gharama yake hupunguzwa kwenye bei kabla fedha haijatoka mfukoni.